Springi za Shemeji

Wateja walimwita Fundi Kimya, na kila mgeni aliyefika karakanani mara ya kwanza alicheka, maana kazi ya mtu huyo ilikuwa kelele. Alitengeneza mabomba ya moshi ya pikipiki kubwa, zile za kukaa chini na kunyoosha miguu mbele, ambazo wenye nazo huzifuta vumbi asubuhi kabla hawajanawa uso. Pikipiki iliyoingia kwake ikikohoa kama mzee wa pumu ilitoka ikinguruma kwa kifua. Yeye mwenyewe angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno ishirini, na kumi kati ya hayo yakawa ni "shika hapa."

Karakana hiyo zamani ilikuwa nyumba ya kuoka mikate. Mlango wa chuma wa tanuri ulikuwa bado ukutani, na humo ndani Fundi aliweka vijiti vyake vya kuchomelea visishike unyevu. Upande wa dirishani palikuwa na cherehani nzito ya ngozi, na hapo ndipo mkewe alipokaa. Alishona viti, maegemeo ya mgongo, na ile mikoba inayoning'inia pande mbili za gurudumu la nyuma. Walikuwa wameanza na mashine moja ya kuchomelea ya kukodi, mume akiziba matangi ya maji na kurekebisha bawaba za mageti, mke akishona viti vya vinyozi. Siku moja mtu akaleta bomba lililopasuka. Fundi akaliziba, akawasha pikipiki, sauti haikumridhisha, akalikata upya. Alilikata na kulichomelea mara sita, na mwenye pikipiki hakuwa amemwomba ila kuziba ufa. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu, na alichokiharibu mara moja hakukisahau.

Magunia mawili ya mchanga yaliyoegemea ukuta wa tanuri yalitokana na uharibifu wa namna hiyo. Miaka ya mwanzo alipima bomba pikipiki ikiwa imesimama tupu. Mteja alipokaa na mkewe nyuma, springi zikajikunja, pikipiki ikashuka, na bomba likang'olewa na tuta la kwanza barabarani. Tangu hapo akachukua magunia ya unga yaliyoachwa na waokaji, akayajaza mchanga, moja kilo themanini, jingine kilo sitini na tano. Mkewe akayabandika majina, Bwana na Bibi. Hakuna pikipiki iliyotoka bila Bwana na Bibi kupakiwa kitini. Kisha Fundi aliilaza upande mpaka ikaegemea ubao wake aliouchonga pembe, kadiri pikipiki inavyolala kwenye kona kali, akalala kifudifudi sakafuni, akapitisha kisanduku cha kiberiti kilichosimama wima chini ya bomba. Kikipita, mteja alipewa ufunguo. Kikigusa, hakupewa, hata akiwa nani.

Basi akaja Shemeji.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, muuza vigae, mtu wa kilo mia na zaidi, mwenye kicheko cha kujaza ukumbi. Siku dada yake alipomleta nyumbani mchumba wake mchomeleaji, yeye ndiye aliyeuliza mbele ya wazazi na majirani kama bwana huyo atamlisha dada yake cheche. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwita Fundi jina jingine ila Mzee wa Mabati. Lakini mwaka huo Shemeji alinunua pikipiki kubwa nyekundu, na ilipofika wakati wa kuipamba hakuipeleka kwingine.

Fundi aliifanyia kazi wiki nzima. Alitengeneza mabomba mawili marefu, yote yakishuka upande wa kulia, yamekatwa mshazari mwishoni kama kalamu ya mwanzi. Aliweka usukani mpana, kioo cha kukinga upepo na taa mbili za ziada. Mkewe alishona egemeo la wifi yake, yaani mke wa Shemeji, na mikoba ya ngozi nyeusi iliyodariziwa pembeni. Alhamisi jioni Bwana na Bibi walipakiwa, na kiberiti kikapita wima bila kugusa kitu. Kazi ilikuwa imekwisha.

Ijumaa alasiri Shemeji alikuja kuchukua chombo chake akiwa na boksi kwapani. Ndani ilikuwamo miguu mipya ya pikipiki, kama alivyoiita kwa mzaha. Kumbe zilikuwa springi mbili za nyuma, fupi, zinazong'aa kama kioo. Alitaka pikipiki ikae chini kama chui anayevizia. Fundi akazipima kwa macho. Akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka Shemeji akamwekea mkono begani.

"Nimewaambia wenzangu wote, shemeji yangu ndiye fundi. Kesho wananingoja ng'ambo ya mlima saa nne. Usiniangushe, Fundi."

Miaka kumi na moja alikuwa akilisubiri neno hilo kutoka mdomo huo, na hakujua kwamba alikuwa akilisubiri. Akazifunga springi kwa nusu saa, masikio yakimwaka moto kwa furaha. Pikipiki ikashuka chini, ikapendeza kweli. Shemeji akacheka, akampiga mgongoni, akawasha, na barabara nzima ikajua kwamba anaondoka.

Jumamosi Fundi aliamka na wepesi wa moyo, akafungua karakana, akashika ufagio. Saa mbili ilikuwa imegonga. Mkewe alikuwa ameshakaa cherehanini, akimwambia kwamba kaka yake na wifi wamekwisha ondoka tangu saa moja na nusu, wamempigia kumuaga. Fundi akafika kwenye magunia, akainama ayasogeze afagie nyuma yake.

Juu ya Bwana na Bibi palikuwa na karatasi za vipimo vya mikoba, zimetandazwa vizuri, na mkasi juu yake kuzishikilia. Mkewe alikuwa amezitandaza pale Alhamisi jioni baada ya kazi. Hazikuwa zimeguswa.

Aliuegemeza ufagio ukutani. Taratibu akainama chini ya meza ya kazi, akavuta springi za zamani alizozifungua jana, akaiweka moja kwenye mstari aliouchora kwa chaki mezani wakati akilinganisha na zile mpya. Zile mpya zilikuwa fupi kwa vidole vitatu. Akatoa kiberiti mfukoni, akakisimamisha wima kando ya vidole vyake vitatu. Vililingana.

Nafasi yote aliyoipima Alhamisi, aliifuta Ijumaa kwa mikono yake mwenyewe. Na pale palipokaa magunia sasa walikuwa wamekaa watu wawili, mmoja mzito kuliko Bwana na nusu yake, na mikoba imejaa, kwenye barabara ya mlima yenye kona kama utumbo.

Akapiga simu ya Shemeji. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Alijua kwa nini haipokewi: hakuna binadamu angeweza kusikia simu juu ya mabomba yale, na aliyeyatengeneza ni yeye.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye lilimsumbua kuliko kosa lenyewe. Alimwambia mkewe kwamba anatoka mara moja kununua boliti. Akatia springi za zamani kwenye mfuko, akabeba sanduku la spana, na alipofika mlangoni akarudi kuchukua ubao wa pembe.

Cherehani ikanyamaza.

"Boliti zinanunuliwa kwa ubao siku hizi?" mkewe aliuliza. Akavua miwani. "Baba watoto. Sema."

Akasema. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima, na aliyatoa kwa pumzi moja, macho yakiwa sakafuni.  Alipomaliza, mama huyo alijaribu simu ya wifi yake, akaisikiliza ikiita, kisha akaishusha pole pole. Simu hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wa kushoto, kwenye kimfuko alichokishona mwenyewe na kukitandika sufi ili isitikisike. Hata ingelia mpaka kesho, isingehisiwa. Akachukua helmeti yake ukutani.

Pikipiki ya Fundi ilikuwa kikongwe kidogo cha kubebea vyuma. Mlimani ilipanda ikilia kama mbuzi, malori ya kokoto yakiipita na kuimwagia vumbi. Fundi hakuangalia malori. Aliangalia lami ya kila kona ya kulia, kwa sababu mabomba yalikuwa kulia, na kona za kulia korongo lilikuwa upande wa kushoto, ambako pikipiki ikiteleza ndiko huenda.

Kona ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili pia. Kwenye ya tatu akakanyaga breki, akashuka, akachuchumaa. Palikuwa na mchoro mwembamba mweupe, urefu wa kiganja. Akaupitisha kidole, akaona chembe za chuma zinang'aa, hazijaanza hata kufifia.

Kona ya tano mchoro ulikuwa na urefu wa mtu aliyelala.

"Ni bomba?" mkewe aliuliza.

"Bomba."

Mkewe akataka kujua itakuwaje likiendelea kusuguka. Fundi alijua vizuri mno. Bomba lenyewe si kitu, lingeliwa tu kama sabuni. Hofu yake ilikuwa ile boliti nene iliyolishika bomba kwa chini. Ikifikiwa na lami itasimama kama nanga, iinyanyue pikipiki, na gurudumu la nyuma lining'inie hewani halina cha kushika. Alifikiria namna ya kulisema hilo kwa mtu ambaye kaka yake yuko juu ya gurudumu hilo. Akawasha pikipiki. Mkewe akakishika kiuno chake kwa nguvu zaidi, wakaendelea.

Kona ya saba, ukingoni kabisa, palikuwa na vipande vya kioo chekundu.

Fundi hakukumbuka alivyoshuka. Mkewe alikuwa amekwisha kufika ukingoni, anachungulia korongoni, mkono mdomoni. Fundi akapiga magoti, akaokota kipande kimoja, akakigeuza. Chini yake palikuwa na vumbi lililoganda, na kijani cha ukungu. Kilikuwa kioo cha mwaka jana, cha mtu mwingine.

"Cha zamani," alisema. Akakitupa, wakapanda tena.

Juu kabisa ya mlima kulikuwa na uwanja ambapo malori hupumzika breki zipoe kabla ya kuteremka. Kabla hawajafika waliona wekundu kati ya malori, na mkewe akamgonga mgongoni kwa paji la uso, mara moja tu.

Shemeji alikuwa katikati ya madereva wanne, mikono hewani, akisimulia. Alipowaona akafurahi kweli, akadhani wamekuja kumwona anavyotamba.

"Mzee wa Mabati. Mbona hukuniambia kwamba umeniwekea na cheche? Kila kona nawasha fataki. Jamaa wa lori nyuma yangu alidhani ni sherehe."

Madereva wakacheka. Wifi hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe pembeni, helmeti mapajani, na mke wa Fundi alipomwendea alimwambia kwa sauti ndogo kwamba kona ya mwisho alihisi kama mtu ameinyanyua pikipiki kwa nyuma kisha akaiachia. Alimwambia mumewe, naye akamwambia ndivyo pikipiki kubwa zilivyo.

Fundi alilala kifudifudi kwenye kokoto. Bomba la chini lilikuwa limesagwa bapa kama soli ya kiatu cha mtembezi. Kichwa cha ile boliti kilikuwa nusu, na ile nusu iliyobaki ilikuwa na ncha. Akainuka, akajipangusa.

"Shemeji, pikipiki hii haishuki mlima."

Shemeji alifikiri ni utani. Kisha alipoona si utani, uso ukabadilika kidogo, akageukia madereva kama anayetaka mashahidi. Alisema wenzake wanamngoja, hajaweka vitu vyote hivi ili aletwe na lori kama gunia la viazi. Alisema atakwenda polepole. Alisema labda Mzee wa Mabati ameanza kuziogopa kazi zake, na mmoja wa madereva akacheka, ila peke yake.

"Nilikosea," Fundi alisema. "Nilifunga springi zako nisipime upya. Ulinisifu, nikasahau kazi. Kosa ni langu. Njoo uguse."

Akamshika mkono. Shemeji, pamoja na ukubwa wake wote, akapiga magoti, na Fundi akakiongoza kidole chake chini ya bomba lililokuwa limekwisha poa. Chuma kilibonyea kama karatasi. Kisha akakipeleka kwenye ile ncha ya boliti, akakiacha hapo.

"Kuteremka kuna kona saba za kulia," alisema.

Shemeji alikaa na kidole pale muda mrefu. Hata hivyo alipoinuka mkono ulikwenda mfukoni kwenye ufunguo, ukaushika, haukuutoa. Watu walikuwa wanatazama, na mtu wa namna ile akitazamwa huwa mgumu kugeuka.

Dada yake akaja akasimama mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Kaka, uliuliza mbele ya watu kama atanilisha cheche. Miaka kumi na moja nimekula chakula. Leo cheche umezitaka wewe. Toa ufunguo."

Hakuna aliyecheka. Ufunguo ukatoka.

Dereva mmoja alileta jeki ya lori, pikipiki ikainuliwa. Fundi akafungua zile springi nzuri fupi, akazifunga za zamani, akaing'oa boliti iliyoliwa na kuweka nyingine akigeuza kichwa chake kwa ndani, akalizungushia bomba kipande cha bati la kopo la oili na kulikaza kwa waya. Shemeji alishika alichoambiwa ashike. Mara mbili alitaka kuuliza saa ngapi, akaacha.

"Sasa pandeni," Fundi alisema. "Nyote wawili. Na mikoba ibaki ilivyo."

"Ndiyo kusema leo mimi ndiye Bibi," wifi alisema akipanda.

"Wewe ni Bibi," mke wa Fundi akamjibu. "Huyo mbele yako ni Bwana na bado gunia la akiba."

Hapo hata Shemeji aliguna kicheko. Madereva wawili wakaishika pikipiki kwa mkanda wa kufungia shehena, wakailaza mpaka ikagusa ubao wa pembe. Fundi akalala chini, akasimamisha kiberiti, akakisukuma.

Kikagusa.

Madereva walisema ni nywele tu, ukucha tu.  Fundi aliwaomba Shemeji na mkewe washuke, akachukua spana ya ndoano, akaikaza pete iliyo chini ya kila springi kwa meno mawili, ili zimudu uzito wa Shemeji ambao magunia hayakuwahi kuufikia. Wakapanda tena. Ikalazwa tena. Safari hii aliziba pumzi, na kiberiti kikapita wima kikatokea upande wa pili.

Hakutosheka. Akakipitisha mara ya pili, na ya tatu, mpaka mkewe akamwambia inatosha.

Shemeji alikaa kwenye pikipiki yake, ambayo sasa ilikuwa imeinuka kama mtu aliyenyooshwa mgongo, haina tena uchui wowote. Aliwasha. Kisha akafanya jambo la ajabu: akazima, akageuza kichwa.

"Fundi," alisema. "Niende?"

"Kona tatu za kwanza, polepole."

Wakaondoka. Fundi na mkewe wakaenda ukingoni mwa uwanja. Barabara haikuonekana kwa miti, lakini hakukuwa na haja ya kuona. Mabomba yale yaliyowazibia Shemeji na mkewe masikio asubuhi nzima sasa yaliwaambia wao kila kitu: ngurumo ikishuka ni kona, ikinyamaza ni katikati ya kona, ikipanda tena wametoka. Mkewe alihesabu kwa vidole, za kulia tu, maana njia hiyo waliijua. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Ya tano ilinyamaza, ikakaa kimya.

Lori lilikuwa likilia mahali fulani kule chini, likipanda. Mkewe aliacha kidole cha tano kikiwa kimekunjwa nusu.  Kimya kikaendelea, kirefu kuliko kona yoyote inavyoweza kuwa ndefu. Kisha lori likapita, na nyuma yake ngurumo ikapanda, nzito, bila haraka, ya mtu aliyesimama pembeni kungoja njia.

Kidole kikanyooka. Sita. Saba. Sauti ikafika tambarare, ikawa mvumo mmoja, ikapotea.

"Asubuhi nilitaka kukudanganya," Fundi alisema.

"Najua. Hujui kudanganya, ulichukua ubao." Akamkabidhi helmeti yake. "Usirudie."

Walirudi karakanani mchana. Mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye magunia kuondoa zile karatasi, akiomba radhi kwamba ameyageuza meza. Fundi akamzuia mkono. Akazipanga upya kama zilivyokuwa, mkasi juu yake, akamwomba kila jioni azirudishe hapohapo, juu ya Bwana na Bibi, asiziweke kwingine. Siku pikipiki inapotoka, karatasi zikiwa bado ziko pale, ndiyo kusema magunia hayajapakiwa, mlango usifunguliwe, hata akisema yeye Fundi.

Zilikuwa sentensi tatu nzima. Mkewe akazingojea zimalizike, ndipo akawasha cherehani.